Jinsi ya Kupima Uungwana wa Shujaa wa Mapenzi katika Riwaya ya Kale

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana watu tisa katika sebule moja ya mtaa wa Buruburu, hapa Nairobi, tukisoma riwaya za zamani polepole, sura chache kwa kila kikao. Riwaya iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyochapishwa London mwezi wa Oktoba 1847 kwa lakabu ya Currer Bell. Tulipofika katikati yake tuligawanyika pande mbili juu ya Edward Rochester, bwana wa jumba la Thornfield na mpenzi wa msimulizi. Upande mmoja ulishikilia kwamba ni mtu mwema kwa sababu anapenda kwa moyo wote, na upande wa pili ukashikilia kwamba ni mtu mbaya kwa sababu ni mwongo. Nilichoka kusikia hoja hizo mbili zikigongana bila kusogea, kwa kuwa kila moja ilisimama juu ya sifa moja tu. Ndipo nikaanza kuandika njia ninayoieleza hapa. Anayesoma kwa ajili ya mtihani anaweza kuitumia, na anayesoma kwa mapenzi ya kusoma ataona kwamba inafaa hata kwa mashujaa wengine wa riwaya za aina hii.

Msingi wake ni huu. Usimpime shujaa kwa ukubwa wa mapenzi yake, kwa maana mapenzi amepewa na mwandishi tangu mwanzo. Bila hayo asingeitwa shujaa wa mapenzi. Usimpime kwa ufasaha wake pia, kwa kuwa ufasaha huo nao ni zawadi ya kalamu. Wahenga walisema uungwana ni vitendo, na kitendo kimoja kinafichua zaidi ya vingine vyote: ni nafasi gani anamwachia mwenzake ya kukataa, huku mwenzake huyo akiujua ukweli? Mtu anaweza kupenda kwa dhati na bado akaziba milango yote ambayo mpendwa wake angeweza kutokea. Kazi yako ni kuihesabu hiyo milango.

Kabla ya kumgusa shujaa, mchunguze anayekusimulia. Jane anasimulia kwa nafsi ya kwanza, akiwa tayari amekaa katika ndoa na Rochester kwa miaka kumi, na ukipenda, chongo huita kengeza. Brontë mwenyewe hafichi jambo hili. Katika sura ya 18 Jane anakiri kwamba ameanza kuyasahau makosa ya bwana wake, makosa ambayo hapo awali alikuwa akiyavizia kwa jicho kali. Ukifika hapo weka alama pambizoni, kwa sababu kuanzia ukurasa huo maelezo yake yote yamepakwa rangi ya mapenzi. Jane hatudanganyi, lakini anamtetea mtu wake.

Kwa hiyo chukua daftari na ugawe ukurasa safu mbili. Kushoto andika anayoyatenda shujaa, kwa vitenzi vitupu visivyo na kivumishi wala kielezi hata kimoja. Kulia andika anayoyasema, na yanayosemwa juu yake. Kila ingizo litaje namba ya sura. Riwaya hii ina sura 38 na Rochester anaingia katika sura ya 12, pale farasi wake anapoteleza kwenye barafu, kwa hiyo kazi si ndogo, lakini usiiharakishe. Kitabu chenyewe si vigumu kukipata: haki ya kunakili iliisha zamani, kinasomwa bure kwenye intaneti, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika katikati ya jiji huwa nacho mara kwa mara.

Nitaonyesha jinsi safu ya kushoto inavyofanya kazi kwa tukio moja dogo la sura ya 21, ambalo wasomaji wengi hulipita wakitabasamu. Jane ni mwalimu wa nyumbani, mshahara wake ni pauni 30 kwa mwaka, na anaomba ruhusa ya kwenda kumwona shangazi yake aliye mahututi. Hajalipwa bado, mfukoni ana shilingi tano tu. Rochester anadaiwa pauni 15. Anatoa noti ya pauni 50, na Jane anakataa kupokea zaidi ya haki yake. Rochester anakunja uso, kisha anabadili nia: akimpa zote huenda akakaa huko miezi mitatu. Anampa pauni 10. Jane anamkumbusha kwamba sasa anadaiwa tano, naye anajibu kwamba atazikuta atakaporudi. Jane anapotaja kuwa atatafuta kazi kwingine kwa tangazo la gazeti, Rochester anataka arudishiwe pauni 9 kati ya zile 10. Jane anaficha mikono na kijaluba nyuma ya mgongo na kukataa.

Katika safu ya kulia tukio hili ni mzaha wa watu wawili wanaokaribia kupendana, na kwa kweli ni mzaha mtamu. Katika safu ya kushoto ni hivi: anadaiwa kumi na tano, anatoa kumi, anadai tisa. Niliposoma mistari hiyo kwa sauti Buruburu, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi za nyumbani mtaa wa mabwanyenye akasema kwamba anaijua hesabu hiyo, kwamba ni mshahara unaoshikiliwa ili msichana asiende kwao Krismasi akakosa kurudi. Hakuna aliyebishana naye. Mwajiri aliyependa na mwajiri aliyeshikilia mshahara ni mtu yule yule, katika mazungumzo yale yale, na msomaji makini anatakiwa kuwabeba wote wawili bila kumwangusha mmoja.

Baada ya hapo tazama wale walio chini ya shujaa, ambao hana haja ya kuwapendeza. Kwa baadhi yao Rochester anapata alama nzuri, na alama hizo ziandikwe bila kinyongo. Haamini kuwa Adèle, mtoto wa mcheza dansi wa Kifaransa Céline Varens, ni damu yake, na bado amemtoa Paris akamlea. Bibi Fairfax, mtunza nyumba, anapoachishwa kazi baadaye anawekewa pensheni ya maisha. Haya anayatenda bila kuwa na wa kumpigia makofi.

Kisha kuna Bertha. Hapa usipite haraka, kwa kuwa hapa ndipo kipimo kinapokuwa kizito. Rochester alimwoa Bertha Mason huko Spanish Town, Jamaika, miaka kumi na mitano kabla ya siku aliyojaribu kumwoa Jane, na mahari aliyokuja nayo mke ilikuwa pauni 30,000. Jamaika ya wakati huo ilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa na watumwa. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni ilipitishwa 1833 na kuanza kutumika 1834. Mali ya mke ilikuwa ya mume kisheria, hali ambayo sheria za 1870 na 1882 ndizo zilizokuja kuibadilisha. Kwa maneno mengine, mke alipopatwa na wazimu, hakubaki na kitu alichoweza kukiita chake, wala ndugu aliyemtetea ipasavyo. Mumewe alimleta Uingereza na kumfungia katika ghorofa ya tatu ya Thornfield kwa miaka kumi.

Rochester ana utetezi, na ni haki kuusikiliza. Anasema angeweza kumweka katika nyumba yake nyingine ya Ferndean, iliyofichika zaidi, lakini kuta zake zina unyevu na huenda zingemuua upesi, dhamiri ikamkataza. Naamini anasema kweli. Lakini Rochester alimpata mlinzi wa Bertha, Grace Poole, kutoka nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili ambayo riwaya inaiita Grimsby Retreat, na katika Uingereza halisi nyumba ya namna hiyo, ambamo wagonjwa walitunzwa kwa upole bila minyororo, ilikuwa imefunguliwa York tangu 1796. Alijua basi kwamba kuna mahali pengine. Alichokosa ni utayari wa kukubali watu wajue kwamba ana mke. Huruma yake kwa Bertha ilikuwa ya kweli hadi pale ilipogusa siri yake.

Muuguzi mmoja wa kikundi chetu aliuliza swali ambalo sasa naliuliza katika kila riwaya: "Mwalimu, huyu mgonjwa anaogeshwa na nani, na ni nani anayezungumza naye mchana kutwa?" Tulitafuta jibu katika kurasa, tukamkuta Grace peke yake na kikombe chake cha pombe. Nakushauri uchukue mhusika aliye mbali zaidi na moyo wa shujaa na kuuliza maswali ya aina hiyo, ya chakula, maji na maongezi. Bertha hapewi neno hata moja la kujieleza katika kitabu kizima. Ilibidi kungoja hadi 1966, Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alipoandika Wide Sargasso Sea, riwaya iliyompa sauti. Isome hiyo, ila baada ya kumaliza hukumu yako mwenyewe juu ya kitabu cha kwanza, ili usichanganye ushahidi wa vitabu viwili.

Jambo linalofuata ni sheria na desturi za wakati wa riwaya, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu kwa mlango ambao haukuwapo. Kabla ya 1857, talaka iliyomruhusu Mwingereza kuoa tena ilihitaji sheria mahususi ya Bunge, na wazimu haukuwa sababu ya talaka katika Uingereza mpaka 1937. Rochester alikuwa amefungwa kweli kweli, na atakayeandika kwamba angemwacha tu Bertha na mambo yaishe atakuwa amekosea. Kijana mmoja wetu, mwanasheria, aliuliza kwa nini basi tumlaumu, ilhali hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za mitala za kimila na za Kiislamu. Swali hilo lilitusaidia kuliona kosa mahali lilipo hasa. Katika ukoo wowote wenye heshima, ujumbe unaokwenda kuposa mke wa pili haumfichi binti kwamba yuko wa kwanza. Binti anajua, na anaweza kukataa. Jane anasimamishwa mbele ya kasisi bila kujua. Hata tukimwondolea Rochester kosa la kutaka mke wa pili, lile la kumnyima Jane ukweli ambao ungemwezesha kukataa linabaki palepale.

Ukishalishika hilo, vitendo vingine vidogo vinajipanga vyenyewe. Anajifanya anamchumbia Blanche Ingram, binti wa tabaka la juu, ili kumtia Jane wivu. Anavaa kama bibi mpiga ramli ili kumchokonoa siri zake katika sura ya 19. Kila mara yeye anajua na Jane hajui.

Sura ya 24 inastahili kusomwa mara mbili. Baada ya uchumba, Rochester anampeleka Jane mji wa Millcote kumnunulia hariri na vito, na anavyozidi kununua ndivyo Jane anavyozidi kuwaka uso kwa fedheha, akijiona kama mwanasesere anayevishwa. Wanapopanda tena gari la farasi anakumbuka kwamba ana baba mdogo huko Madeira aliyewahi kumtafuta, na anaazimia kumwandikia, ili siku moja awe na chake mwenyewe. Anaiandika barua hiyo kweli. Barua inamfikia baba mdogo wakati ambapo Richard Mason, kaka yake Bertha, yuko naye Madeira, na kwa njia hiyo Mason anapata habari za harusi na kuja kuizuia. Fuata mnyororo huo kwa kidole: kilichomwokoa Jane ni hamu yake ya kuwa na senti isiyotoka mfukoni mwa mchumba. Brontë hasemi hivyo waziwazi, lakini ndivyo alivyoufuma msuko, na mimi naiona kuwa kazi ya fundi hasa.

Sasa mpime shujaa pale anapoumbuka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, walisema wazee, na katika sura ya 26 Rochester anavuliwa nguo mbele ya madhabahu. Hachutami. Anawachukua kasisi, mwanasheria na Mason, pamoja na Jane, anawapandisha ghorofa ya tatu na kuwaonyesha mkewe kama mnyama wa maonyesho, kisha anawataka wamlinganishe na msichana aliyesimama karibu naye. Katika maoni yangu hiki ndicho kitendo chake kibaya kuliko vyote katika kitabu, kibaya hata kuliko uongo wenyewe, kwa maana uongo ulikuwa na tamaa ya kupendwa ndani yake na hiki hakina kitu ila kujihurumia.

Sura ya 27 ni ndefu na imejaa machozi yake, na machozi hayo ni ya kweli. Yaandike kulia. Kushoto andika kwamba anataka kumpeleka Jane kusini mwa Ufaransa waishi kama mume na mke, na kwamba yuko tayari kumlipa Grace Poole pauni 200 kwa mwaka abaki na Bertha katika jumba lililopigiliwa mbao madirishani. Andika pia anavyowasimulia wapenzi wake wa zamani, Céline, Giacinta na Clara: anasema kumkodi kimada ni jambo baya linalokaribia kununua mtumwa, kwa sababu watu hao huwa chini yako. Jane analidaka neno hilo palepale. Anaelewa kwamba akikubali, siku moja atazungumziwa kwa sauti ileile. Fanya kama yeye: sikiliza jinsi shujaa anavyowataja aliowapenda jana. Mwisho wa sura Rochester anamshika, anatambua kwamba angeweza kumvunja kama unyasi, na anamwachia. Andika "anamwachia" kwa herufi kubwa, maana ni mara ya kwanza mlango unabaki wazi. Jane anaondoka alfajiri na shilingi ishirini.

Kama bado unashuku kwamba kipimo hiki ni cha kuwakomoa wanaume wenye dhambi, kijaribu kwa asiye na dhambi. St. John Rivers, kasisi wa sura za baadaye, hana uongo, hana mke wa siri, anagawa nguvu zake zote kwa maskini. Naye anataka Jane aolewe naye waende India kueneza dini. Jane yuko tayari kwenda kama dada yake. Yeye hataki, ni ndoa au hakuna, na anayekataa anamkataa Mungu. Safu yake ya kulia ni safi kama kanzu ya Idi, lakini kushoto milango yote imefungwa, tena kwa kufuli la ibada. Wasomaji wetu wacha Mungu waliumia kusoma sura hizi, na niliona ni vyema waumie, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu aliyemkumbuka.

Inabaki toba, na hapa wengi huteleza. Thornfield inaungua, Bertha anajirusha kutoka juu ya paa na kufa, na Rochester anapoteza uwezo wa kuona na mkono mmoja. Usihesabu majeraha hayo kuwa wema. Mwandishi anaweza kumpiga mhusika kadiri apendavyo. Adhabu anaipokea, haitendi. Unachohesabu ni kwamba, kwa ushuhuda wa mwenye nyumba ya wageni katika sura ya 36, aliwatoa watumishi vitandani kwanza, kisha akarudi ndani ya moto kumtafuta mke aliyemwonea aibu kwa miaka kumi na mitano. Hakuna aliyekuwa akimtazama ambaye alitaka kumvutia. Jane alikuwa mbali, na hakujua kama yu hai. Alama hii ni kubwa, na inafuta sehemu ya lile onyesho la sura ya 26, ingawa si yote.

Halafu inakuja sura ya 37, Ferndean, katika nyumba ileile ya kuta zenye unyevu. Jane amekwisha kurithi pauni 20,000 za baba mdogo, akazigawa sawasawa na binamu zake watatu na kubaki na 5,000. Hana haja ya mshahara wala makazi. Rochester anamuuliza kama atamwoa mtu kipofu aliyemzidi miaka ishirini, kilema atakayehitaji kuhudumiwa. Linganisha ombi hili na lile la sura ya 23 chini ya mti wa chestnut: kule alitaja mapenzi na kuficha kasoro, huku anazitaja kasoro moja moja kabla ya jibu. Kwa mara ya kwanza Jane anajua kila kitu na anaweza kusema hapana. Mimi nasadiki kwamba amebadilika. Ninachokiona kuwa pengo ni kwamba riwaya haimrudishii nguvu zake ili tuone atazitumiaje. Hata jicho moja linapoanza kuona tena baada ya miaka miwili, hadithi yake inaishia karibu hapo.

Unapoketi kuandika hukumu yako, epuka ile orodha tuliyoizoea shuleni ya "ni mkarimu, ni mwongo, ni jasiri", kila sifa na mfano wake. Anza na aliyeumia zaidi, taja kitendo na sura, taja mlango uliozibwa au uliofunguliwa, kisha uje kwa mapenzi mwishoni, yakiwa na uzito yanaoustahili kama sababu wala si kama msamaha. Ukurasa mmoja unatosha. Katika kikao chetu cha mwisho juu ya kitabu hiki tulisomeana kurasa zetu tisa kwa zamu, na ule wa muuguzi ulianza kwa maneno haya: "Bertha Mason alikuwa na mtu mmoja wa kumlisha na hakuwa na wa kuzungumza naye." Rochester alitajwa kwenye sentensi ya nne.